Mwonjaji wa Litumbwe

Mama Sikudhani anadai kwamba vyura wa bwawa la pili walihama mchana kweupe. Anasema hakuhadithiwa na mtu, aliwaona kwa macho yake mawili, Alhamisi, saa saba, jua la utosi. Walitoka majini mmoja mmoja kama watoto wa shule wanaotoka mstarini, wakapanda tuta, wakavuka barabara ya zamani ya matrekta ya miwa, wakashika njia ya milimani. Mkubwa wao ndiye aliyetangulia. Alipofika katikati ya barabara alisimama, akageuka akawahesabu wenzake, akaona wametimia, ndipo akaendelea.

"Chura kahesabu?" Bupe aliuliza.

"Kahesabu. Mimi nimesimama hapo na beseni langu kichwani namwangalia."

"Kahesabu kwa vidole?"

"Cheka tu, we mtoto. Wewe si ndiye mwonjaji? Nenda basi kwenye bwawa lako ukasikilize. Ukisikia chura hata mmoja, njoo unitukane."

Walikuwa wanazungumza kwa sauti kubwa, maana katikati yao palikuwa na mfereji. Ulichimbwa enzi za kiwanda kupeleka maji kwenye miwa, na upana wake ulikuwa hatua kumi na mbili. Upande wa Mama Sikudhani ilikuwapo kambi, zile nyumba ndefu za matofali walizojengewa wakata miwa, familia sitini na mbili. Mlango wa tatu kutoka mwisho ulikuwa wa Bupe mwenyewe. Aliuona kila asubuhi akiamka. Aliona kufuli lake, aliona kuku wa jirani wamelala kizingitini pake, na upepo ukivuma kutoka huko alijua nani anakaanga vitunguu. Kufika hakuweza. Kando ya mfereji, upande wake, zilisimama nguzo nyeupe za mpaka, na kwa siku themanini na tatu mguu wake haukuwa umevuka hata moja.

Alikwenda bwawani. Akachuchumaa pale pale hadi miguu ikafa ganzi. Hakusikia chura.

*

Juu kidogo ya kiwiko cha kushoto, chini ya ngozi, Bupe alikuwa na kitu kidogo kama punje ya muhindi. Kiliitwa shahidi. Kila saa shahidi alionja damu yake, akapeleka habari kwenye nguzo kuu iliyosimama karibu na kibanda chake. Nguzo hiyo ilikuwa na kioo, na kwenye kioo mambo mawili tu: hesabu ya siku na taa. Taa ya kijani, hakuna neno. Ya njano, subiri. Ya nyekundu, shamba lina sumu, halifai kuuzwa.

Zamani udongo wa mashamba ya miwa ulikuwa unapimwa na vyombo peke yake. Mfilisi aliyekabidhiwa mali za kiwanda kilichofilisika akitaka kuuza shamba, anakuja mtu na sanduku, anachimba vishimo, sanduku linasema safi, watu wanahamia. Baada ya miaka mitatu watoto wanazaliwa na vidole pungufu. Ikaja kujulikana kwamba vyombo vile vilikuwa vinafundishwa la kusema kabla havijatoka ofisini. Ndipo ikatungwa sheria ya mwonjaji. Shamba lisiuzwe mpaka mtu mzima, mwenyeji, kwa hiari yake, akae ndani yake siku tisini, ale kilichoota humo tu, anywe maji ya humo tu. Mwili wake ndio uwe karatasi ya majibu.

Litumbwe walimchagua Bupe. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, alimaliza darasa la saba akarudi nyumbani kumuuguza baba, na baba alipokufa hakuwa na wa kumuuguza tena. Tena alikuwa mtulivu. "Huyu hata umfungie kwenye debe hatapiga kelele," walisema kwenye mkutano, wakamaanisha sifa.

Wao kambini walikuwa na haja yao. Mnunuzi alikubali kwamba siku mauzo yakitiwa saini, kila familia ipewe hati ya kiwanja cha nyumba yake. Hati! Watu waliozaliwa kwenye nyumba zile, wakazikia watoto nyuma ya nyumba zile, hawakuwahi kumiliki hata kizingiti. Lakini mwonjaji akitoka kabla ya wakati, au upimaji ukiharibika kwa kosa lake, mauzo yamekufa, mkataba umekufa, na kambi inahesabiwa kuwa ya wavamizi. Hilo nalo liliandikwa, wakasomewa, wakapiga makofi wakidhani ndio mwisho wa kusomewa.

Siku tisini. Zimebaki saba. Taa ilikuwa ya kijani tangu mwanzo.

Na hiyo kijani ndiyo iliyomkosesha Bupe raha. Kazi yake pale ilikuwa kula na kutazama, na kula kukiisha kunabaki kutazama. Aliona mchicha aliopanda kando ya tuta unatoka ardhini umejikunja kama ngumi. Aliona perege anaowavua, katika kila kumi wanne wana mgongo uliopinda. Kwenye kucha zake aliona mistari myeupe, imelala kwa upana, ile ile aliyoiona kwenye kucha za baba yake, ambaye miaka kumi na minne alibeba bomba la dawa ya magugu mgongoni. Akitoka kutazama hayo anakwenda kutazama taa. Kijani.

*

Dokta Editruda, mpimaji wa shamba, alifika mchana ule ule kwa kigari chake kisicho na dereva, kilichokuja kimya hadi mlangoni. Alikuwa mwanamke mnene, mchovu, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Kabla ya Litumbwe alikwisha kupima mashamba kumi na tisa.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba, Bupe. Umekonda."

"Perege wamepinda, Dokta. Nyama yenyewe sijui wameificha wapi."

Dokta alicheka, lakini alichukua mkono wake akatazama kucha, na kicheko kikaisha taratibu. Akafungua kioo chake cha mkononi, akamwonyesha mstari uliokwenda kutoka siku ya kwanza hadi ya themanini na tatu. Ulikuwa umelala sawasawa kama uzi wa fundi mwashi.

"Sijawahi kuona mstari kama huu," alisema. "Hata mashamba ya mpunga, ambayo hayajui dawa, huwa unapanda kidogo."

"Sasa shahidi haoni kucha?"

"Shahidi hajui sumu, mama. Anajua tofauti. Siku ya kwanza tulichukua damu yako tukaiita sifuri. Tangu hapo kila saa anauliza swali moja tu: imeongezeka? Isipoongezeka, kijani."

"Na kama ile sifuri yenyewe ilikuwa imejaa?"

"Haiwezi kujaa. Kwani zile siku saba za kufua zilikuwa za nini?"

Bupe alizikumbuka. Kabla ya kuingia shambani alilazwa siku saba kwenye hema la wapimaji, akipewa maji yaliyotoka mbali, wali uliotoka mbali, na kila jioni kikombe cha dawa nyeupe, chungu kama shubiri, ya kufukuza mwilini yote aliyoyala maishani. Siku ya saba Dokta alimsomea maswali. La tisa lilisema: katika siku hizi saba, umekula chakula au umekunywa kinywaji chochote usichopewa na mpimaji? Bupe akajibu hapana. Akaweka dole gumba.

Na hakusema uongo. Hilo ndilo lililokuja kumkaa kooni pale, Dokta akiwa anafunga kioo chake. Hakusema uongo.

Siku ya pili ya kufua, Mama Sikudhani alipita nyuma ya hema akampenyezea kifurushi cha gazeti. Udongo. Vijiti sita vya udongo wa kichuguu cha bwawani, vimekaushwa juani, vina harufu ya mvua ya kwanza. "Usije ukazimia humo, mwanangu, na hizo dawa zao," alimwambia. Wanawake wote wa kambi walikula udongo ule. Mama Sikudhani ndiye aliyekuwa fundi wake: aliuchimba, akaukanda, akaukata vijiti, akaupanga kwenye meza ndogo mlangoni pake. Bupe aliula tangu hajaota meno ya pili. Alimaliza vijiti sita kwa siku mbili, akaletewa vingine. Alipoingia shambani akawa anajimegea mwenyewe pale kwenye kichuguu, waziwazi, maana si cha humo humo?

Nani akiulizwa amekula nini atataja udongo? Udongo hauliwi kwa njaa. Hauwekwi kwenye sahani. Ni kitu cha mdomo tu, kama kung'ata kucha.

Utotoni walikuwa wakilamba molasi kwenye matangi ya kiwanda, halafu wakimenya muwa wanatema. "Huu muwa maji," walisema. Muwa haukuwa maji. Midomo yao ndiyo iliyokuwa imekwisha kujaa utamu.

"Nitarudi siku ya tisini na wino," Dokta alisema akipanda kigari. "Pumzika."

*

Alimwambia Mama Sikudhani kwanza. Alidhani ni heshima, kwa kuwa udongo ulikuwa wake. Mama Sikudhani alisikiliza, akaweka beseni chini, akatazama nyuma yake kama kuna mtu.

"Rudia polepole."

Bupe akarudia.

"Kwa hiyo unasema mimi ndiye nimeharibu."

"Sikusema hivyo, Mama. Nasema shamba lina sumu na taa haioni, kwa sababu nilianza nayo tumboni."

"Udongo wangu una sumu! Udongo aliokula bibi yangu akazaa tisa!"

"Bibi yako aliula kabla ya dawa ya magugu."

"Ehee. Msomi." Mama Sikudhani alishika kiuno. "Darasa la saba limepanda kichwani. Si ulale hizo siku saba, mwanangu? Usingizi tu! Ulale, uamke, uweke dole, sote tupate hati. Kwani wewe umedanganya? Mashine yao ndiyo imesema kijani, si wewe."

"Na hao wanaokuja?"

Aliwafahamu wanaokuja, ingawa hakuwaona. Familia elfu nne, watu wa mwambao ambao bahari ilipanda ikala miji yao, sasa wanaishi chini ya maturubai. Mnunuzi angewachimbia visima hapa hapa Litumbwe. Wangekunywa, wangepikia, wangechanganyia uji wa watoto.

"Hao wanaokuja unawajua majina?" Mama Sikudhani aliuliza. "Sisi unatujua. Hapo hapo ulipo ututaje, mlango kwa mlango. Ukimaliza kututaja, ndipo uwataje hao."

Wakati huo Sikudhani alitoka ndani, yule binti mwenyewe, mimba ya miezi saba imemtangulia, akaja hadi ukingoni akijipepea na upande wa kanga. Shavu lake moja lilikuwa limevimba.

"Da Bupe, mnagombana nini? Mama sauti yako imefika hadi bombani."

"Unakula nini, Sikudhani?" Bupe aliuliza.

Sikudhani alitabasamu, akatoa ulimi. Ulikuwa mweupe kwa udongo.

"Siku moja vijiti vingapi?"

"Ah, mimi sihesabu. Huyu wa humu ndani ndiye anayeagiza." Akajigonga tumbo. Akamtazama mama yake, akamtazama Bupe, akaona hakuna anayecheka naye. "Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu," Mama Sikudhani alisema upesi. "Nenda ndani, jua kali."

Na Bupe, ambaye angeweza kusema pale pale, alinyamaza. Alitazama mgongo wa Sikudhani ukiingia mlangoni. Akajua sasa kunyamaza kuna ladha gani. Mama Sikudhani naye alikuwa amejua, maana aliokota beseni lake bila kuaga.

*

Asubuhi ya siku ya themanini na nne alimwita Dokta kwa kengele ya nguzo. Kigari kilifika kabla jua halijakausha umande. Bupe alimweleza yote wakiwa wamesimama: hema, gazeti, vijiti, swali la tisa. Dokta alivua miwani. Bila miwani alionekana mtu wa kawaida, mtu anayeweza kuwa shangazi wa mtu.

"Kumi na tisa," alisema. "Mashamba kumi na tisa nimesoma swali hilo. Wanawake wangapi..." Alifuta miwani kwa pindo la gauni, akafuta tena. "Bupe, hayo umeniambia mimi, au umeiambia nguzo?"

"Wewe."

"Nguzo haisikii mpaka ubonyeze hapa." Alionyesha kitufe chini ya kioo. "Na mimi nina masikio mabovu, watu wote wanajua. Nikiondoka sasa, nimekuja kukagua kucha, basi."

"Unanishauri ninyamaze, Dokta?"

"Sikushauri kitu. Nakueleza mlango uko wapi." Sauti yake ilishuka. "Wale wa maturubai, mwezi uliopita wamezika watoto arobaini kwa kuhara. Wakikosa hapa, shamba lingine hakuna. Kwa hiyo usidhani ukisema umewaokoa. Na usidhani ukinyamaza umewaokoa. Nimekaa nalo usiku kucha tangu nilipoziona kucha zako, na sijapata pa kulishika."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilihofia. Kuhofia hakuandikwi."

Ng'ambo ya mfereji watu walikuwa wamekwisha kusimama. Mama Sikudhani hakuwa mtu wa kukaa na habari. Wanawake mbele, wanaume nyuma wamefunga mikono, hakuna aliyepiga kelele. Laiti wangepiga! Bupe alizoea kuitwa mtulivu. Leo walimtazama kwa utulivu ule ule wake, wakamrudishia.

"Bupe!" Mama Sikudhani aliita. "Baba yako amelazwa nyuma ya ile nyumba. Wakitufukuza, nani atamfagilia?"

Hilo lilimpata. Dokta aliona limempata, akatazama pembeni.

Bupe alifikiri kumjibu. Akafikiri pia kuvuka. Hatua kumi na mbili, maji ya magotini, angekuwa mlangoni pake akifungua kufuli, na kila kitu kingevunjika kwa miguu yake bila mdomo kusema. Miguu ni rahisi. Watu wangesema alichoka, alidata, ni mtoto wa kike tu. Alitazama nguzo nyeupe ya mpaka, akatazama ile kuu.

Akabonyeza.

"Mimi ni Bupe Mwakalobo, mwonjaji wa Litumbwe," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akaikaza. "Siku za kufua nilikula udongo wa kichuguu cha bwawa la pili. Vijiti kumi na viwili. Sikujua kuwa ni chakula. Kwa hiyo sifuri yangu si sifuri, na kijani yenu si kijani."

Ng'ambo mtu alipiga ukunga, mara moja tu.

"Naomba mambo matatu. Nifuliwe tena, nipimwe upya kutoka mwanzo. Nitakaa siku zote tisini. Kambi isiguswe mpaka nimalize. Na Sikudhani binti Likwachala apimwe damu yeye na mtoto wake, apimwe leo, si kesho. Amekula kuliko mimi."

Kijani ilizimika. Ikawaka njano, na kwa mara ya kwanza maandishi yakapita chini yake, Dokta akayasoma kwa sauti: ombi limepokelewa, mwonjaji asitoke ndani ya mipaka mpaka ajibiwe.

"Watajibu lini?" Bupe aliuliza.

"Sijui. Sijawahi kuona mwonjaji akiomba." Dokta alivaa miwani. Akamshika bega, akaondoka, na siku iliyofuata hakuja, wala ya pili yake.

Kambini hakuna aliyemsalimia tena. Walichota maji kwa mbali. Bupe aliendelea na kazi aliyoizoea. Aliwaona wanaume wawili wakianza kung'oa mabati, kisha wakayarudisha. Aliona mtu amefagia nyuma ya nyumba yake, hakumwona nani. Aliona asubuhi ya siku ya themanini na saba meza ya Mama Sikudhani haikutolewa nje, na ya themanini na nane pia haikutolewa. Sikudhani mwenyewe hakumwona kabisa. Mlango wao ulifunguliwa na kufungwa, akawa anatega sikio kwa kila sauti inayotoka humo.

Siku ya tisini ilifika. Aliamka mapema, akanawa, akakaa mbele ya kioo akisubiri hesabu isimame. Haikusimama. Ilipofika saa yake ikaandika tisini na moja, taa ikiwa bado ya njano, bila jibu.

Bupe akabonyeza kitufe, akaanza kusema tena, polepole, neno kwa neno, kama mtu anayemwandikisha karani barua: nifuliwe, nipimwe upya. Kambi isiguswe. Na Sikudhani apimwe damu leo, si kesho.

Alipomaliza hakukiachia kitufe. Alikishikilia kwa dole gumba, akainamisha sikio karibu na kioo.